Mashini yetu iko na bongo

Sisi tuko hapa Nakivale, na ninyi mnaotusoma mko hapa, Kyangwali, Nyarugusu, Kakuma na pengine popote. Mwezi huu zamu ya kuandika imetufikia sisi wa karakana. Wenzetu wametuonya tusiandike hadithi ya mafanikio, ju hizo mmeshazisoma za kutosha. Basi tunaandika yaliyotupata.

Karakana yenyewe usiiwazie kubwa. Ni chumba cha mbele cha nyumba ya mwenzetu, pale Base Camp, kuta za udongo na mabati juu. Mama yake analala chumba cha nyuma na anatuvumilia. Tuko wanne: wawili wa Kivu Kusini, mmoja wa Ituri, na dada yetu Mrundi aliyekulia kambini Tanzania. Tulianza na grainda ndogo na mashini ya kuchomelea ya kuazima. Hapa Uganda sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Wenzetu mlioko nchi nyingine mnajua kwa nini tunaitaja.

Tulikuwa tunatengeneza milango, majiko, fremu za baiskeli. Kazi ilikuwepo, lakini kila mara ilikwama fasi moja: kitu cha mviringo. Shafti, bushi, puli, ekseli ya kiti cha magurudumu. Grainda haiwezi kukupa mviringo wa kweli, hata ukiwa na mkono wa malaika. Lazima uende Mbarara kwa wenye mashini ya kukereza, ulipe nauli kwenda na kurudi, na ukifika wakwambie rudi kesho.

Kwa asiyeijua: mashini ya kukereza inashika kipande cha chuma na kukizungusha, na kisu kigumu kinasogea polepole kando yake kikimenya, kama unavyomenya chungwa. Mafundi wanaiita mama wa mashini, ju ukiwa nayo unaweza kutengeneza vipande vya mashini nyingine. Bei ya mpya hatukuiuliza mara mbili.

Njo tukaamua kuijenga.

Mwili wake tuliumwaga kwa zege. Msicheke. Wakati wa vita kuu ya kwanza ya dunia, Mmarekani mmoja, Lucien Yeomans, alijenga mashini kubwa za kukereza zenye mwili wa zege, zikatumika kutengeneza makombora ya mizinga. Yeye alikereza makombora, sisi tulitaka kukereza bushi ya kinu. Zege ni nzito na inameza mtetemo, na mtetemo njo adui wa kwanza wa kazi hii. Kisu kikitetemeka, chuma kinatoka na mawimbi kama bati la paa.

Reli za kutelezea kisu tulizipata kwa wauza vyuma chakavu: mabomba mawili ya mbele ya piki-piki, yale yanayoingia kwenye shokomzoba. Yana kromu juu na yalisuguliwa kiwandani yakawa sawa. Tulichambua rundo zima kwa kuviringisha kila moja juu ya kioo cha dirisha. Lililopinda linaruka-ruka, lililonyooka linakwenda kimya. Kichwa cha kuzungushia kazi ni habu ya gurudumu la Toyota iliyokufa, na beringi zake bado nzima. Boliti nne zilizokuwa zinashika rimu sasa zinashika sahani ya chuma, na juu ya sahani tuliweka meno ya kubania. Kisu kinasogezwa na boliti ndefu ya kawaida ya M10. Uzi wake ni milimita 1.5, kwa hiyo ukizungusha mara moja kamili kisu kinaingia 1.5, na unene wa kipande unapungua milimita 3, maana unamenya pande zote. Hesabu hiyo ilitusumbua wiki nzima. Kila kitu kilikuwa kinatoka chembamba mara mbili ya tulivyotaka, na tulikuwa tunalaumiana.

Mota hatukuwa nayo. Mmoja alipanda baiskeli isiyo na gurudumu, akanyaga, mnyororo ukazungusha rimu tuliyoijaza zege ili iwe nzito, na rimu ikazungusha habu kwa mkanda. Mmoja ananyaga, mmoja anakata. Aliyechelewa asubuhi njo ananyaga.

Kosa kubwa lilikuwa haraka. Zege inataka siku 28 za kuloweshwa na kungoja kabla haijatulia. Sisi tulingoja nne. Tukafunga reli, tukafunga kichwa, tukapiga picha, tukaituma kwenye grupu. Mliona ile picha, wengi mliweka mioyo. Chini ya ile picha zege ilikuwa bado inakauka na kujikunja, na kichwa kilikuwa kinageuka upande kidogo kidogo. Jicho halikuweza kuona.

Sasa tufike kwa Mama wa kinu. Ni mama mmoja Mkongomani mwenye mashini ya kusaga mahindi. Injini yake ilikufa, akapata nyingine ya mkono wa pili, lakini shafti yake ilikuwa nyembamba kuliko tundu la puli. Alihitaji bushi ya kujaza ile nafasi. Alisikia kama kuna vijana wana mashini, akaja mwenyewe, akaleta puli kichwani.

Tulikereza siku mbili. Ilipoisha tukaijaribu kwenye puli: upande mmoja inabana vizuri, upande wa pili inacheza. Kidogo tu. Tulitazamana. Mmoja akasema turudie. Chuma cha kurudia hakikuwepo, na Mama alikuwa mlangoni anangoja. Tukachukua senta panchi, tukapiga vidoti vidoti upande unaocheza ili chuma kivimbe. Ikabana. Tukamwambia, "Mama, iko sawa." Akalipa, akatubariki.

Ilifanya kazi saa tatu. Puli ilianza kuyumba, vidoti vikalala, mkanda ukaruka na kuchanika, ukamkosa kijana aliyekuwa anamimina mahindi kwa upana wa kiganja. Ilikuwa siku ambayo watu wengi wamepokea mahindi, foleni imefika barabarani. Tulipofika tulikuta mabeseni yamepangwa na watu wamekaa juu yake. Mama hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alisema, "Mungeniambia tu kama haiko sawa. Ningetuma Mbarara."

Hatukuwa na jibu. Mkanda mpya tuliulipa kwa kazi: bawaba, kifuniko cha kisima chake, kunoa visu. Miezi miwili.

Wakati huo njo alikuja Papa. Hatutaandika jina lake, hataki. Alikuwa fundi wa kukereza huko Katanga kabla baadhi yetu hatujazaliwa, baadaye akahamia mashariki, halafu vita vikamleta huku kama sisi wote. Tulikuwa tunapita mbele ya nyumba yake kila siku tukimwona anachonga mipini ya majembe, hatukujua. Habari ya kinu ilimfikia, akaja na fimbo yake, akaomba atuone tukikata. Alitazama bila kusema. Akatoa mfukoni kitambaa, ndani ya kitambaa vernia ya chuma, ya zamani, inayong'aa. Alikimbia nayo kutoka Kongo. Mkewe mpaka leo anamkumbusha kama aliacha masufuria akabeba hicho.

Akapima kipande upande huu, akapima upande ule. Akasema: "Batoto, hii mashini yenu iko na bongo."

Dada yetu akatabasamu, akamshukuru. Yeye amekulia Tanzania, na huko bongo ni akili. Alidhani mzee ameisifu. Sisi Wakongomani tuliinama chini, ju kwetu bongo ni uongo. Tulipomweleza alicheka mpaka akakaa, na Papa naye akacheka, na hapo njo alianza kuwa mtu wetu.

Alituonyesha namna ya kuikamata mashini ikidanganya. Unafunga fimbo nene ya chuma upande wa kichwa tu, upande wa pili uwe huru. Unaikereza ibaki na pete mbili zilizoinuka, moja karibu na kichwa, nyingine mbali. Halafu bila kugusa kisu unapitisha mkato mwembamba sana juu ya pete zote mbili, mara moja. Unapima. Kama pete zinatofautiana, kichwa hakitazami njia moja na reli. Yetu ilitofautiana milimita 0.4 kwa umbali wa 150. Bushi ya Mama ilikuwa na urefu wa 75, kwa hiyo tulimpa uongo wa 0.2. Ukiusikia ni mdogo. Uzungushe haraka kwa saa tatu, utauona.

Dawa yake ilitushangaza. Unene ukitofautiana 0.4, mhimili wenyewe umepinda nusu yake, yaani 0.2. Boliti za bamba linaloshika habu zimeachana milimita 150, sawa na umbali wa zile pete. Papa akaokota kopo la soda, akalikata kwa mkasi, akalipima: 0.1. Vipande viwili vya kopo nyuma ya bamba, upande mmoja, kaza tena. Kata, pima. Tulirudia mara sita au saba, ju ukikaza boliti moja nyingine inavuta. Jioni pete zilikuwa zinatofautiana kiasi ambacho vernia haioni. Kopo la soda! Tulikuwa tumeshaanza kuongea habari ya kuvunja zege yote.

Lakini Papa hakuridhika. Alisema bamba lenyewe si tambarare, kwa hiyo kila tukilifungua uongo utarudi kwa sura nyingine. Tukamuuliza tutajuaje kama kitu ni tambarare, wakati hatuna kitu tambarare cha kukilinganisha nacho? Kioo cha dirisha kilikuwa kimeshavunjika. Hapo akatupa somo ambalo sisi tunaliona ni zuri kuliko yote tuliyopata tangu tuvuke mpaka.

Chukua vipande viwili vya chuma cha kusubu. Paka kimoja masizi ya moto yaliyochanganywa na mafuta, kisugue juu ya mwenzake. Panapohamia weusi ni mlima, paparuze kwa tupa ya zamani iliyonolewa ncha. Rudia, rudia, mpaka weusi uenee kote. Vinashikana kabisa. Je, ni tambarare? Hapana. Inawezekana kimoja ni bakuli na kingine ni kilima, na vinakubaliana vizuri sana katika uongo wao. Kwa hiyo unaleta cha tatu. Cha kwanza kilingane na cha pili, cha kwanza na cha tatu, na cha pili na cha tatu. Vilima viwili haviwezi kulingana, mabakuli mawili vilevile. Vikikubaliana vyote vitatu, wawili wawili, njia iliyobaki ni moja tu: vyote ni tambarare. Hukuazima utambarare kwa mtu yeyote. Umetoka kwa mikono na masizi. Baadaye tulisoma kwamba Mwingereza Joseph Whitworth aliieleza njia hii mbele ya wanasayansi huko Glasgow mwaka 1840. Papa alisema yeye aliipata kwa fundi wake, na fundi wake hakuwahi kufika Glasgow.

Tulitumia sahani tatu za klachi za lori. Ilituchukua wiki tano, jioni jioni, vidole vyeusi. Mama mwenye nyumba aliuliza kama tumeanza dini mpya.

Ya mota tutapita haraka. Tuliipata mota ya farasi mmoja, inazunguka kama mara 1,420 kwa dakika, na hiyo ni mbio ya kumenya mti, si chuma. Chuma laini chenye unene wa milimita 40 kinataka kama mizunguko 200 kwa kisu cha kawaida, ukizidisha sana kisu kinaungua. Puli ndogo ya 70 kwenye mota, kubwa ya 210, unagawanya kwa tatu. Ukiweka shafti ya kati na kugawanya kwa tatu tena, unapata karibu 158. Hiyo njo tunatumia mpaka leo. Papa aliongeza kamba inayoning'inia juu ya mashini zote mbili, ile ya kukereza na ile ya kutoboa tuliyoijenga baadaye. Ukiivuta, umeme unakatika. Na sheria zake tatu aliandika ukutani kwa mkaa: mikono ya shati juu ya kiwiko, nywele na kitenge vifungwe, glavu hapana.

Hiyo ya tatu tumekuwa tukiihesabu kichwani kila siku tangu mwezi wa tatu mwaka huu.

Walikuja wageni wa shirika moja. Watu wazuri, na tunasema hivyo bila kejeli. Walipenda kazi, walitaka kutuandikia ripoti ya kuombea msaada. Walileta zawadi: makoti ya rangi ya machungwa na glavu nene za ngozi, mpya, ngumu. Mmoja akasema tuvae ili picha ionyeshe usalama. Mkaa wa Papa ulikuwa ukutani, nyuma ya mgongo wa mpiga picha. Sisi wanne tuliuona. Papa hakuwepo siku hiyo. Ukiwa na mgeni aliyetoka mbali, ameshika zawadi, na nyuma yake kuna uwezekano wa mota mpya na visu vipya, mdomo unakuwa mzito. Tulivaa.

Dada yetu alikuwa kwenye mashini ya kutoboa. Kidole bila glavu kikigusa kekee inayozunguka kinakatwa, unarudisha mkono. Glavu haikatiki. Inashikwa, inajiviringisha, na inaingia na mkono. Hatukusikia kelele ya mashini kubadilika, tulisikia yeye. Aliye karibu alivuta kamba. Kidole cha kati kilikuwa kimevunjika fasi mbili na ngozi imevuliwa. Bila kamba tungekuwa tunaongea habari ya mkono mzima.

Mgeni yule yule aliyesema tuvae njo alimbeba kwenye gari mpaka kituo cha afya, akakaa naye mpaka usiku, na alirudi mara mbili kumwona. Alilia. Alisema hakujua. Tulimwambia ukweli: wewe hukujua, sisi tulijua. Glavu ni nzuri kwa bati lenye makali, kwa chuma cha moto, kwa kuchomelea. Kwa kitu kinachozunguka ni mtego. Ninyi wa mashirika mnaosoma hapa, mkiona fundi anakereza mikono mitupu msimwandike kama hajali usalama. Na sisi vijana, hatuwezi kuandika kama kosa ni la mgeni peke yake.

Papa alipokuja hakusema neno. Alikwenda ukutani, akaandika ile sheria ya tatu upya, herufi kubwa mara mbili, akatoka. Siku nne hakurudi. Tulikwenda sisi kwake, wanne, pamoja na dada mwenye mkono umefungwa. Alimtazama yeye tu. Akamuuliza, "Unaweza kushika vernia kwa mkono wa kushoto?" Akamwachia. Kitambaa na vernia yote.

Kidole kimepona lakini hakikunji mpaka mwisho. Sasa hivi hakuna kinachotoka kwenye chumba chetu bila yeye kukipima, na ana roho ngumu kuliko Papa. Wiki jana alirudisha puli ya mtu kwa ajili ya 0.1, mwenye puli akiwa mlangoni, pikipiki inanguruma, anasema haina neno, anipe tu. Dada akamjibu, "Haiko. Rudi kesho." Tukacheka wenyewe, ju hayo njo maneno yaliyokuwa yanatuudhi Mbarara.

Ule msaada ulikuja kwa namna yake. Walitaka kutununulia mashini mpya kubwa, lakini inataka umeme wa nyaya tatu, na sisi tuna wa nyaya moja, ukiwepo. Tuliomba badala yake visu vya chuma kigumu, beringi mpya za habu, na kipimo cha mshale kinachosoma 0.01. Bado tunangoja kipimo.

Mama wa kinu alirudi mwezi wa sita. Hakuja na puli, alituma mtoto aje atuulize kama tunaweza kutengeneza shafti ya nyundo za kinu. Tulimjibu kama kwanza tunataka kupima ile ya zamani, na kama hatuwezi tutasema. Shafti imefika jana. Iko juu ya meza, dada ameshaipaka mafuta. Imelika upande wa beringi, milimita moja na nusu hivi, na sisi hatujawahi kukereza kitu kirefu namna hiyo. Kichwa cha nyuma cha kushikilia ncha hatujakimaliza. Tumemwambia wiki mbili.

Aliye na beringi nzima za Corolla kuukuu, au kopo za soda, tuko nyuma ya soko, karibuni. Glavu muache nyumbani.